Darasa la awali la serikali Arusha: shule ya katikati ya mji, ya pembezoni, yenye darasa la mfano au ya mchepuo wa Kiingereza?

Mzazi wa Arusha anayemtafutia mtoto nafasi ya awali kwenye shule ya serikali mara nyingi huuliza kwanza ni shule ipi imefaulisha darasa la saba. Matokeo hayo ya NECTA (Baraza la Mitihani) yanahusu watoto walioanza shule miaka 7 au 8 iliyopita, na walimu waliowafikisha hapo wengi hawafundishi awali kabisa. Shule inaweza kuwa na wastani mzuri wa la saba huku watoto wake wa miaka 5 wakirundikana 100 chumba kimoja mbele ya mwalimu mmoja. Nyingine haitajwi hata mtaa wa pili, lakini ina mwalimu aliyesomea elimu ya awali, watoto 35 na choo chao wenyewe. Kwa hiyo hapa tunalinganisha madarasa. Sifa ya shule iache pembeni kwanza.

Yaliyo sawa kila shule

Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 iliweka awali kuwa mwaka 1 wa lazima kabla ya darasa la kwanza, na mtoto anayelengwa ni wa miaka 5. Ada ilifutwa kwa Waraka wa Elimu Na. 5 wa 2015, ukaanza kutekelezwa Januari 2016. Mtaala ulioboreshwa ulianza kufundishwa awali Januari 2024. Kiswahili ndicho lugha ya kufundishia, isipokuwa kwenye shule chache za mchepuo wa Kiingereza. Kiwango kilichowekwa ni mwalimu 1 kwa watoto 25.

Hicho cha mwisho ndicho kinachovunjwa zaidi, na ndipo tofauti kati ya shule na shule inapoanzia.

Kumbuka pia mpaka wa halmashauri. Jiji la Arusha limezungukwa na Halmashauri ya Wilaya ya Arusha, na kwa mashariki unaingia Meru. Mtu wa Kiranyi au Ilboru anajiona yuko mjini, lakini kata yake iko chini ya Halmashauri ya Wilaya. Jambo hili lina uzito siku shule ikikwambia imejaa, maana ukipeleka shauri kwenye ofisi ya Jiji utarudishwa na siku yako imepotea. Muulize mtendaji wa kata kabla hujaanza kuzunguka.

Aina nne, kwa mtazamo wa haraka

| | Kongwe ya katikati ya mji | Ya kata ya pembezoni | Yenye darasa la mfano | Mchepuo wa Kiingereza |
|---|---|---|---|---|
| Walimu | Wengi, ila si lazima wawe wa awali | Wachache, mmoja hushika madarasa mawili | Mara nyingi kuna aliyepewa mafunzo | Hufundisha kwa Kiingereza |
| Msongamano | Mkubwa | Hutegemea kasi ya ujenzi mtaani | Huanza vizuri, kisha hujaa | Nafasi ni chache kuliko waombaji |
| Njia ya mtoto | Barabara kubwa, vifodi (daladala ndogo) | Miguu, vumbi au tope | Hutegemea kata | Mara nyingi usafiri wa kulipia |
| Gharama kubwa | Nauli | Michango ya chakula | Michango ya chakula | Malipo ya shule, sare, usafiri |
| Hukwama wapi | Mwalimu 1, watoto wengi mno | Vyoo na maji | Chumba kubadilishiwa matumizi | Lugha isiyosikika nyumbani |

Jedwali hili linaonyesha mwelekeo tu. Ndani ya kata moja, shule mbili za aina moja zinaweza kupishana sana kuliko safu hizi zinavyoonyesha, na ndiyo maana lazima uende ukaone kwa macho.

Idadi ya watoto: namna ya kuihesabu bila kudanganyika

Ukiuliza ofisini utatajiwa idadi ya walioandikishwa. Wewe taka idadi ya wanaohudhuria, inayopatikana kwenye daftari la mahudhurio la mwezi uliopita. Kisha uliza walimu wangapi wanakuwa darasani kwa wakati mmoja. Hapa ndipo wazazi wengi wanapokosea. Shule yenye watoto 96 na walimu 2 wa awali inaonekana ina mwalimu 1 kwa watoto 48. Hesabu hiyo ni ya kweli tu kama kuna mikondo miwili katika vyumba viwili. Ikiwa chumba ni kimoja na walimu wanapokezana, mtoto wako yumo kwenye darasa la watoto 96.

Chumba nacho kina hesabu yake. Chenye mita 7 kwa 9 kina mita za mraba 63. Kwa watoto 25, kila mmoja ana mita 2.5 na kuna pa kukaa mkekani, pa kuchezea na pa mwalimu kupita. Kwa watoto 90, kila mmoja ana 0.7, na hapo hakuna linalowezekana zaidi ya kukaa wakiwa wamebanana na kuitikia kwa pamoja. Mwalimu hodari naye hushindwa, kwa sababu mtoto wa miaka 5 hujifunza kwa kushika, kupanga, kuchora na kuulizwa yeye mwenyewe kwa jina.

Kinachofurisha madarasa haya mara nyingi ni watoto wa miaka 4 na hata 3 wanaosindikizwa na kaka na dada zao kwa sababu nyumbani hakuna wa kubaki nao. Hawamo kwenye hesabu ya walioandikishwa, lakini wamo chumbani. Mtoto aliyeingia hivyo hurudia awali mara mbili, na mwaka wa pili huwa amechoka na nyimbo zilezile. Kwa wa umri huo mahali panapofaa ni kituo cha kulelea watoto mchana kilichosajiliwa na Ustawi wa Jamii. Omba kuona cheti cha usajili. Kituo halali hukitundika ukutani.

Mwalimu

Swali liwe moja kwa moja: mwalimu wa awali amesomea nini, na yuko darasa hili kwa mwaka wa ngapi? Majibu matatu ndiyo ya kawaida. La kwanza, amesomea elimu ya awali, au ni wa Daraja A aliyepata mafunzo kazini ya awali. Hilo ndilo unalolitafuta. La pili, ni wa darasa la kwanza na anashika yote mawili. Hapo ujue awali hupata mabaki ya muda wake. La tatu, ni wa kujitolea, anayelipwa kwa michango ya wazazi. Wapo wa kujitolea wazuri sana, lakini michango ikikatika Aprili, darasa linabaki bila mtu. Uliza analipwaje na nani anamshikia nafasi akiondoka.

Tazama daftari la mtoto mmoja wa mwaka huu. Likiwa limejaa mistari ya "a a a a" na "1 1 1 1" iliyonakiliwa kutoka ubaoni, hapo awali imegeuzwa darasa la kwanza dogo. Ukiona michoro, mistari ya kulegeza mkono, picha zilizounganishwa na idadi, na alama za mwalimu zinazotofautiana mtoto kwa mtoto, kuna kazi inafanyika.

Halafu angalia kona za kujifunzia: kona ya lugha, ya hisabati, ya duka, ya sanaa na kadhalika. Kuwapo kwake hakutoshi. Angalia vimewekwa kimo gani. Manila iliyobandikwa mita 2 juu ya sakafu imewekewa wageni wa Uthibiti Ubora (wakaguzi wa shule), kwa sababu mtoto hafiki huko. Vizibo vya soda, mbegu za maharage na vijiti vya kuhesabia viwe kwenye makopo yaliyo mkononi mwa mtoto, na viwe vimechakaa. Vizibo vinavyong'aa Oktoba havijaguswa tangu Januari.

Kongwe ya katikati ya mji

Shule za kata kama Kaloleni, Levolosi na Ngarenaro ziko karibu na masoko, stendi na maofisi, kwa hiyo zinapokea watoto wa mtaa na pia wa wazazi wanaofanya kazi mjini. Kwa mama anayeuza Soko Kuu au Kilombero faida ni kubwa: anamwacha mtoto akienda kazini, na akiugua yuko karibu. Walimu ni wengi, hivyo mmoja akiwa likizo ya uzazi kuna wa kuziba.

Shida ni saa ya kutoka. Awali huachiwa saa 5:30 au saa 6 mchana, wakati wakubwa wanaendelea hadi alasiri. Mtoto anayekuja na kifodi kutoka Murriet au Olasiti hawezi kurudi peke yake, na kaka yake wa darasa la nne bado yuko darasani. Wengi huishia kuzurura uwanjani kwa saa tatu bila chakula wala mtu wa kuwatazama. Kama huna mtu wa kumchukua saa 6, shule ya katikati ya mji haikufai hata ikiwa na sifa zote, labda kama uongozi umeweka utaratibu wa watoto kupumzika na kuangaliwa. Uliza ni nani hasa anawaangalia, na wanakaa wapi mvua ikinyesha.

Gharama ya usafiri nayo ihesabiwe mwaka mzima. Ukilipa bodaboda shilingi 1,000 kwenda na 1,000 kurudi kwa siku 194 za masomo, ni shilingi 388,000. Elimu haina ada, lakini umelipa.

Ya kata ya pembezoni

Murriet, Terrat, Olasiti, Olmoti na kata zinazofanana nazo zinajengwa kwa kasi. Shule ya hapo inaweza kuwa na watoto 40 wa awali mwaka huu na 80 baada ya nyumba za mtaa wa jirani kuisha. Zingine zilianza kama vituo shikizi, yaani madarasa ya muda yaliyo chini ya shule mama, kabla ya kusajiliwa. Faida yake ni mwendo mfupi. Mtoto wa miaka 5 hutembea kilomita 1 kwa dakika 20 hivi, na huo ndio umbali wa juu tunaoushauri kwa safari ya kila siku ya miguu. Ukiwa na shule mbili zinazokaribiana kwa ubora, chukua ile asiyolazimika kuvuka barabara kubwa kuifikia, iwe ni ya njia nne ya Sakina hadi Tengeru au barabara ya mchepuo.

Ipite njia hiyo wewe mwenyewe mara mbili, kiangazi na masika. Kati ya Machi na Mei makorongo ambayo Januari ni mchanga mtupu hujaa maji kwa nusu saa. Kama kuna korongo lisilo na daraja, hesabu siku ambazo mtoto atabaki nyumbani.

Vyoo ndivyo hukwamisha shule hizi. Kiwango ni tundu 1 kwa wasichana 20 na tundu 1 kwa wavulana 25. Lakini kwa awali swali kubwa zaidi ni kama wana matundu yao, madogo, karibu na darasa, yenye mlango anaoweza kuufungua mwenyewe. Tundu la watu wazima humtisha mtoto, naye atajizuia mpaka nyumbani au atajisaidia nyuma ya ukuta. Ingia uone kama kuna maji na sabuni saa 4 asubuhi, baada ya mapumziko. Asubuhi mapema kila choo ni kisafi.

Darasa lisilo na vioo vya madirisha ni kero ndogo Februari. Juni na Julai, baridi ya Meru ikishuka, watoto hukohoa mwezi mzima.

Kuhusu lugha: nyumba nyingi za pembezoni huzungumza Kimaasai au Kimeru, na mtoto anaweza kuja na Kiswahili kidogo sana. Mwalimu anayeijua lugha ya nyumbani humtuliza ndani ya wiki chache. Hii ni sababu nzuri kabisa ya kuchagua shule ndogo ya jirani badala ya ile yenye jina.

Yenye darasa la mfano

Mradi wa BOOST, wa serikali wa kuboresha elimu ya awali na msingi, umejenga madarasa ya mfano ya awali katika baadhi ya shule: vyumba vyenye rangi, viti na meza za kimo cha watoto, vyoo vyao na vifaa vya kuchezea nje. Ukilipata moja ndani ya mwendo wa miguu, lipe nafasi ya kwanza katika orodha yako, kisha lichunguze kwa ukali uleule.

Mambo matatu huharibika. Wazazi wa kata nzima huhamia hapo na baada ya muda idadi inafika 100. Chumba kimoja huchukuliwa na darasa la kwanza au kuwa ofisi, watoto wakabanwa kwenye kilichobaki. Na bembea huvunjika, kwa sababu wanafunzi wa darasa la sita hukaa juu yake wakati wa mapumziko. Bembea nzima lakini iliyosimamishwa juu ya ardhi ngumu nayo ni hatari; chini yake panatakiwa mchanga laini wa kina cha sentimita 30 hivi. Kiti cha mtoto wa awali kiwe na kimo cha sentimita 30. Ukikuta madawati ya darasa la nne, miguu ya watoto ikining'inia, vile vya kwao vimehamishwa.

Mchepuo wa Kiingereza wa umma

Arusha School, iliyoanzishwa 1934, ndiyo inayojulikana zaidi. Shule za aina hii ni za serikali lakini wazazi huchangia fedha ambazo shule za kawaida hazitozi, kwa hiyo omba orodha ya malipo ya mwaka mzima kwa maandishi, pamoja na sare na usafiri.

Chagua huku kama umeshaamua mtoto atasoma Kiingereza mpaka la mwisho. Kumtoa baadaye kumpeleka shule ya Kiswahili, au kinyume chake, humrudisha nyuma, hasa akiwa bado hajajua kusoma vizuri. Na kama nyumbani hakuna anayezungumza Kiingereza, darasa la watoto 60 halitamfundisha lugha hiyo. Ataimba nyimbo bila kuelewa maana. Kiingereza hufundishwa pia kama somo katika shule za Kiswahili kuanzia darasa la kwanza, kwa hiyo humfungii mtoto mlango kwa kumweka shule ya mtaa.

Maji na uji

Arusha ina jambo lake la kuangaliwa kwa makini: floridi. Visima na chemchemi nyingi za mteremko wa Meru zina madini hayo kupita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Meno ya ukubwani hujengeka ndani ya ufizi mpaka mtoto afike miaka 8 hivi, kwa hiyo maji anayokunywa awali yanaweza kuchangia yatoke na madoa ya kahawia. Floridi ikizidi sana huathiri mifupa pia. Kuchemsha hakuiondoi. Maji yakipungua kwenye sufuria, floridi iliyobaki huwa kali zaidi.

Kwa hiyo uliza: maji ya kunywa na ya uji yanatoka bomba la AUWSA (mamlaka ya maji ya Arusha), kisima cha shule, au mto? Kama ni kisima, yamepimwa lini na jibu lilikuwa ngapi? Kituo cha Ngurdoto kimekuwa kikitumia mkaa wa mifupa kuchuja floridi, na shule yenye chujio la namna hiyo iseme mkaa hubadilishwa lini, kwani ukishachoka haufanyi kazi tena. Shule isipokuwa na jibu, mpe mtoto chupa ya maji ya nyumbani unayoyaamini. Uji ndio mgumu kuudhibiti, maana utapikwa kwa maji yaleyale.

Chakula hutolewa kwa michango inayokubaliwa kwenye kikao cha wazazi: fedha, au mahindi, maharage na sukari. Pima uji kwa hesabu. Kikombe cha mililita 400 kinahitaji unga gramu 50 ili kiwe na maana, yaani kilo 1 kwa watoto 20 na kilo 3 kwa watoto 60. Stoo ikitoa kilo 1 kwa watoto 60, wanakunywa maji ya moto. Na kama awali wanaondoka saa 6 kabla ya makande, mzazi wa awali asitozwe sawa na wa darasa la tano. Lipeleke kwenye kikao. Mtoto harudishwi nyumbani kwa sababu ya mchango. Shule inayofanya hivyo inakiuka waraka.

Mtoto mwenye ulemavu

Usianze na shule ya karibu, anza na Afisa Elimu Maalum wa halmashauri yako, akuelekeze shule yenye kitengo na mwalimu aliyesomea. Chuo cha Ualimu Patandi, Tengeru, ndicho kinachoandaa walimu hao, kwa hiyo mkoa huu una bahati ya kuwa nao jirani. Shule ikikwambia "mlete tu", uliza ni mwalimu gani atakayekaa naye.

Tukilazimika kupanga uzito

Idadi ya watoto kwa mwalimu na mafunzo ya mwalimu huyo ndivyo vya kwanza. Kisha njia na saa ya kutoka kwa pamoja, halafu choo na maji, halafu uji. Jengo linafuata kwa mbali. Matokeo ya la saba yaangalie ukiwa na shule mbili zilizolingana katika yote hayo. Ikiwa shule ya jirani ina watoto 45 na mwalimu wa awali kweli, na ya katikati ya mji ina 90, chukua ya jirani hata kama rangi imebabuka. Ikiwa ya jirani ina korongo lisilo na daraja au mwalimu wa kujitolea asiye na uhakika, nenda mbali kidogo, ila uwe na mtu wa kumchukua saa 6.

Kuandikisha

Tembelea shule Oktoba, Jumanne au Jumatano, kati ya saa 2:30 na saa 4:30, kabla hazijafungwa Desemba. Uandikishaji huanza Oktoba 1. Nenda mapema, na nakala ya cheti cha kuzaliwa na kadi ya kliniki. Shule nyingi hutaka pia barua ya mtaa, na watoto wa mtaa husika hupewa kipaumbele. Cheti cha kuzaliwa hutolewa bure kwenye ofisi za kata na vituo vya afya vyenye huduma ya mama na mtoto kabla mtoto hajafika miaka 5. Akishavuka utalipia na kufuatilia RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo. Kukosa cheti si sababu ya kukataliwa, ingawa utaambiwa ukilete baadaye.

Ukiambiwa pamejaa, omba jibu hilo kwa mwalimu mkuu mwenyewe, si kwa mlinzi wala karani. Kisha nenda kwa Afisa Elimu Kata, ambaye anajua shule zote za kata na ipi ina nafasi, na baada yake ofisi ya Afisa Elimu Awali na Msingi wa halmashauri yako. Nafasi ya awali haiuzwi. Anayetaka fedha ya "kufungua jina" mwombe risiti ya serikali yenye namba ya udhibiti. Mara nyingi ombi hilo huisha hapo hapo.

Darasa likibadilika katikati ya mwaka, kwa mfano mwalimu kuhamishwa au idadi kupanda ghafla, kipindi kizuri cha kumhamisha mtoto ni likizo ya Juni. Zungumza na shule mpya kwanza upate uhakika wa nafasi, ndipo uombe barua ya uhamisho shule ya zamani.